Mashine ya Kusaga na Mahali Pake Mjini

Katika sensa ya mwaka 1978 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 843,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa watu 5,383,728. Aghalabu takwimu hizi hutajwa pale yanapozungumzwa maji, nyumba na usafiri. Ni mara chache sana zitajwe pamoja na shughuli nyingine za kila siku, yaani kusaga mahindi, kukamua mafuta, kukuna nazi na kukaanga samaki. Hata hivyo shughuli hizo nazo zina mahali pake, na mahali hapo pamekuwa pakibadilika kadiri mji unavyotanuka. Mashine ya kusaga ambayo katika miaka ya themanini ilisimama ukingoni mwa mji leo imezungukwa na nyumba za kupanga, na jirani anayeamshwa na ngurumo yake alfajiri huenda kulalamika katika ofisi ya serikali ya mtaa. Ofisi huandika barua. Mwenye mashine huambiwa ahame, aende katika eneo la viwanda.

Amri ya namna hiyo yaonekana kuwa ya haki, na mara nyingine ni ya haki kweli. Lakini hutolewa bila kuulizwa swali la kwanza ambalo mwanafunzi yeyote wa jiografia angepaswa kuliuliza: ni nini kilichoifikisha mashine hiyo hapo ilipo?

Mwaka 1909 Mjerumani Alfred Weber alichapisha kitabu juu ya mahali pa viwanda, na hoja yake kuu hufundishwa hadi leo katika shule za sekondari. Kwa ufupi, alisema kwamba mali ghafi inayopoteza uzito mwingi wakati wa kutengenezwa huvuta kiwanda kwenye chimbuko lake, kwa kuwa hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu atakayelipa nauli ya takataka. Mali isiyopoteza uzito, au inayoongezeka uzito, huvuta kiwanda kwenye soko. Hoja hiyo ni rahisi, nayo yaweza kujaribiwa kwa macho bila kutoka Dar es Salaam.

Tuseme lori la alizeti. Mbegu zikikamuliwa, theluthi moja hivi hutoka mafuta na sehemu kubwa iliyobaki ni mashudu. Ndiyo maana mashine za kukamua zimejaa Singida na Dodoma, na kinachofika mjini ni madumu ya mafuta. Mpunga nao hupoteza kiasi cha moja ya tano ya uzito wake kwa maganda peke yake, na maganda hayo hayana mnunuzi wa maana. Kwa hiyo mashine za kukoboa zimebaki Kahama, Ifakara na Mbarali, na mchele husafiri ukiwa mchele. Muhogo mbichi huanza kuharibika siku mbili au tatu baada ya kung'olewa, tena una maji mengi. Basi makopa hutengenezwa kijijini.

Miwa huonyesha kinyume chake. Muwa ukishapita katika mashine, makapi ni mengi mno, na kwa hesabu ya uzito peke yake mashine ya kukamua ingepaswa kuwa shambani. Lakini maji ya miwa huanza kuchacha baada ya saa chache tu. Kwa hiyo mkamuaji huipakia mashine yake juu ya mkokoteni, akaisukuma hadi kituo cha basi, akamkamulia mteja glasi moja mbele ya macho yake. Hapo kuharibika kwa bidhaa kumeushinda uzito. Mwalimu anayetafuta mfano wa kufundishia hana haja ya kwenda kwenye migodi ya chuma ya Ulaya; aanze na mkokoteni huo.

Na mahindi je? Mahindi yakikobolewa na kusagwa kuwa sembe, katika kilo 100 hupatikana kilo 70 hadi 80 za unga, na zilizobaki ni pumba. Mtu angedhani kwamba robo hiyo ingeivuta mashine iende Kibaigwa au Iringa. Lakini pumba si takataka. Mji una wafugaji wa kuku na ng'ombe wa maziwa kila upande, nao huinunua pumba kwa fedha taslimu. Kwa maneno mengine, gunia la mahindi linaloingia mjini halipotezi kitu: sehemu moja huliwa na watu na sehemu nyingine huliwa na mifugo yao. Ndiyo sababu mashine ya mahindi imeweza kukaa mjini kwa miaka mingi, wakati ile ya mpunga imebaki bara. Anayeiona mashine hiyo kama mgeni aliyepotea njia hajaijua hesabu yake.

Uzito, hata hivyo, hauelezi kila kitu. Sera nayo ina sehemu yake. Vinu vikubwa vya nafaka vilitaifishwa Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Usagishaji la Taifa. Kwa miaka kama kumi na mitano unga wa sembe wa mjini ulitoka katika vinu vya shirika hilo, ukauzwa kwa bei iliyopunguzwa na ruzuku ya serikali. Wakati huo mashine ndogo ya mtaani haikuwa na nafasi kubwa: mama wa nyumbani alipanga foleni dukani, na mahindi yenyewe hayakuruhusiwa kusafirishwa ovyo. Mwaka 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa, na masharti ya kusafirisha nafaka yakaanza kulegezwa. Matokeo yalionekana upesi. Malori kutoka Morogoro, Dodoma na Iringa yaliingia mjini kwa Barabara ya Morogoro, yakashusha Manzese na Tandale, na hapo hapo palipokuwa na magunia, wenye mashine wakajenga. Hakuna aliyechora ramani ya jambo hilo. Mpango Mkuu wa Jiji wa mwaka 1979 ulikuwa umetenga maeneo ya viwanda, lakini Manzese na Tandale yalikuwa makazi ya watu walioishi bila kupimiwa viwanja.

Mambo yaliyofuata yaliusukuma uzi ule ule. Mji ulifika Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Mbezi, Bunju na Chanika, na baada ya Daraja la Nyerere kufunguliwa mwaka 2016 ukaongezeka Kigamboni. Mwaka huo huo mabasi yaendayo haraka yalianza safari zake katika Barabara ya Morogoro, na ardhi iliyo kando ya barabara hiyo ikapata thamani nyingine. Palipokuwa na ghala pakaonekana panafaa maduka na nyumba za wageni. Msagaji aliyepanga akapandishiwa kodi. Aliyemiliki kiwanja akafuatwa na dalali. Wengine wakaenda nje ya mji, wakafunga unga katika mifuko yenye majina yao ya biashara na kuuleta mjini kwa gari. Wengine walifuata mahindi yenyewe hadi Dodoma, hasa baada ya umeme kufika katika miji midogo na vijiji vingi. Waliobaki mitaani ni wale wasagaji wa debe moja moja, ambao mteja wao huja kwa miguu na ndoo kichwani.

Hawa wa mwisho ndio barua za kuhama huwaandama zaidi, kwa sababu wao ndio wanaokaa karibu na watu. Na hapa lipo jambo ambalo haliingii katika hesabu ya Weber, wala katika barua za ofisi ya mtaa. Nalo ni kiini cha punje ya hindi.

Punje ya hindi ina sehemu tatu: ganda la nje, wanga mwingi wa ndani, na kiini ambacho ndicho kingeota mche. Kiini ni kiasi cha sehemu moja tu katika kumi ya uzito wa punje, lakini kimebeba sehemu kubwa kabisa ya mafuta yake, pamoja na protini bora, madini na vitamini kadha za kundi B. Mahindi yakisagwa yalivyo hupatikana dona, ambamo vyote hivyo vimo. Yakikobolewa kwanza hupatikana sembe. Unga huwa mweupe na laini, na kiini huenda kwa kuku.

Kwa nini basi watu wasile dona? Jibu la kawaida ni kwamba watu wa mjini wanapenda weupe. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Kinu kinapoivunja punje, mafuta ya kiini hukutana na hewa na vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa nayo. Katika joto na unyevunyevu wa pwani, unga wa dona huanza kuchacha na kuwa mchungu baada ya majuma machache. Sembe, isiyo na mafuta hayo, huvumilia kukaa miezi. Kwa sababu hiyo kiwanda kilicho mbali, kinachopaswa kusaga, kufunga, kuhifadhi ghalani, kusafirisha na kusubiri katika rafu ya duka, hakina budi kupendelea sembe. Dona huwezekana kwa urahisi pale tu ambapo mashine iko karibu kiasi kwamba mtu asage mahindi ya juma moja au mawili, ayale, kisha arudi tena.

Kwa hiyo umbali wa mashine kutoka mlangoni ni suala la lishe. Mtaa unaopoteza mashine yake hubaki na unga wa dukani, na unga wa dukani kwa kawaida ni sembe. Familia yenye kipato kizuri haitadhurika sana, maana ugali wao una nyama, maziwa, maharage na mboga za kutosha. Familia ambayo ugali ndio karibu mlo wote ndiyo itakayokipoteza kiini, na hakuna atakayewaarifu kwamba wamekipoteza.

Tena kuna jambo la kuona kwa macho. Anayepeleka debe lake mashineni ameyachagua mahindi mwenyewe, ameyapepeta, ameondoa yaliyooza, na amesimama pale mpaka unga wake ukashuka. Anayenunua mfuko uliofungwa humtegemea aliyeufunga.

Wako wanaopinga maoni haya, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kutokana na sumu hiyo katika mikoa ya kati, na 20 kati yao walifariki. Husemwa kwamba viwanda vichache vikubwa ni rahisi kukaguliwa kuliko mashine elfu za vichochoroni. Ni kweli kwamba ni rahisi. Lakini ikumbukwe kuwa mkasa ule uliwapata watu wa vijijini, hasa kwa mahindi waliyoyalima na kuyahifadhi wenyewe. Kuvu huanzia shambani na ghalani, mahindi yasipokauka vema. Kinu hakiumbi sumu, nacho hakiwezi kuiondoa yote. Mahali pa kuizuia ni pale mahindi yanapoanikwa na pale yanaposhushwa sokoni, ambapo kipimo cha unyevu chaweza kutumika kabla gunia halijafunguliwa kwa wateja. Kuihamisha mashine kutoka Tandale hadi pembezoni mwa mji hakutapunguza hata chembe moja ya sumu hiyo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Tangu kanuni za mwaka 2011, unga wa mahindi unaotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa hutakiwa kuongezwa virutubishi, kama vile madini ya chuma na vitamini. Kiwanda kikubwa huweza kufanya hivyo kwa chombo kinachodondosha unga wa virutubishi kwa kipimo maalumu. Msagaji wa debe hupata shida. Ikiwa kipimo ni gramu 500 kwa tani moja, basi debe la kilo 18 lataka gramu 9 tu, nazo zichanganyike sawasawa katika unga wote. Mkono wa kijana mwenye haraka, huku wateja kumi wamepanga ndoo, hauwezi kuaminiwa kwa kazi hiyo. Hapa sharti ikubaliwe kwamba mashine ya mtaani imeshindwa na kiwanda. Lakini yafaa pia kuuliza: mtu anayesaga dona anahitaji kurudishiwa kiasi gani cha kile ambacho hakukiondoa? Virutubishi vya kuongezwa si vyote vilivyomo katika kiini, wala kiini hakitoshelezi vyote. Hata hivyo ni ajabu kukiondoa kiini kwa mashine moja, kisha kutafuta mashine nyingine ya kuongeza sehemu ya kilichoondolewa, na kumwona mwenye dona kuwa ndiye aliye nyuma.

Hoja ya tatu ni kelele na vumbi, na hii ndiyo hasa inayoandikiwa barua. Kinu cha nyundo kinapofanya kazi hutoa sauti ya desibeli 90 na zaidi kwa aliye karibu nacho. Wataalamu wa afya kazini hushauri kwamba mtu asikae katika sauti ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane bila kukinga masikio. Vumbi la unga nalo hukereketa mapafu, huleta pumu kwa baadhi ya wafanyakazi, na likiwa zito katika chumba kilichofungwa laweza kushika moto kwa cheche moja. Jirani ana haki ya kulalamika. Mfanyakazi ana haki zaidi yake, ingawa mara nyingi yeye hanyanyui sauti.

Lakini fizikia inayofundishwa kidato cha nne yaonyesha kwamba kuhama si tiba pekee. Katika uwazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kutoka mita 5 hadi mita 20 tayari zimepungua 12. Ukuta wa matofali uliopigwa lipu huzuia zaidi ya bati lililotoboka. Mpira mzito chini ya mota hupunguza mtetemo unaopita ardhini. Bomba lenye umbo la pia, ambamo hewa huzunguka na kuangusha vumbi katika mfuko, huweza kutengenezwa na fundi wa kuchomelea yeyote mwenye mchoro. Saa za kazi nazo zaweza kuwekewa mpaka, ili mashine isinguruma kabla ya jua kuchomoza. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina mafundi wa kuyatenda haya. Mwenye mashine akiambiwa atengeneze ukuta na mfuko wa vumbi kwa muda wa miezi mitatu, atalalamika, kisha atatengeneza. Akiambiwa ahame, atazima mashine kwa majuma mawili na kuiwasha tena katika mtaa wa pili, chini ya bati lile lile lililotoboka.

Zipo kazi ambazo kuhama ndiyo dawa yake, na kuzitetea zisihame ni kuwadhuru wananchi. Kazi inayomwaga damu, mafuta au maji machafu mengi haiwezi kukaa katikati ya nyumba zisizo na mfumo wa majitaka, wala katika bonde la Mto Msimbazi ambalo hufurika kila masika makubwa. Machinjio ya Vingunguti yalikuwa somo la wazi la jambo hilo kwa miaka mingi, hata yakajengwa upya. Wakaangaji wa samaki wa Feri wana hali ya katikati: samaki mbichi asiye na barafu hangoji, kwa hiyo ni sharti akaangwe karibu na pale anaposhushwa; kinachotakiwa kubadilika ni jiko, kuni na mahali pa kumwaga mafuta machafu. Kuziweka kazi zote hizi katika fungu moja liitwalo viwanda vidogo vya vyakula, na kuziandikia barua ya aina moja, ni uvivu wa kufikiri.

Shule zaweza kusaidia kuuondoa uvivu huo. Darasa la jiografia katika shule yoyote ya Temeke, Ubungo au Ilala laweza kuandika katika ramani ya kata yake kila mashine ya kusaga, kupima hatua kutoka mashine hadi nyumba zilizo jirani, na kuuliza mambo matatu: ilianza lini, mahindi hutoka wapi, pumba huenda kwa nani. Darasa la biolojia laweza kuweka dona na sembe katika mitungi miwili na kunusa kila juma mpaka moja ibadilike. Kazi hizo hazihitaji fedha, nazo zingetoa ramani ambayo maofisa wengi wa mipango miji wangefurahi kuwa nayo mezani.

Maana tatizo liko mbele zaidi kuliko nyuma. Viwanja vipya vinapimwa kila mwaka kuelekea Kibaha, Mkuranga na ndani ya Kigamboni. Katika ramani za viwanja hivyo hutengwa mahali pa shule, zahanati, soko, kituo cha polisi na nyumba za ibada. Mashine ya kusaga huachwa ijitafutie, kana kwamba watakaohamia huko hawatakula ugali. Baada ya miaka mitano mtu mmoja huvunja ukuta wa chumba cha uani, akaomba umeme wa fezi tatu, akaambiwa kwamba transfoma ya karibu imezidiwa na kwamba nguzo za kuufikisha umeme hapo atazigharamia mwenyewe. Kiwanja kimoja kwa kila kata mpya, kilichopimwa kando ya soko, chenye transfoma yake na nafasi ya mita 20 kutoka nyumba ya kwanza, kingemaliza sehemu kubwa ya ugomvi huu kabla haujazaliwa. Na wakati wa kukichora ni sasa, kabla msingi wa nyumba ya kwanza haujachimbwa.